Anayepima Asisome

Fundi hakupenda kuharakishwa, na mimi ni mtu wa haraka, kwa hiyo miaka saba tuliyofanya kazi pamoja ilikuwa miaka saba ya kugombana kwa adabu. Karakana yake ilikuwa nyuma ya klabu ya kulenga shabaha, nje kidogo ya Doha, chumba kirefu chenye dirisha moja na kiyoyozi kilichokoroma mchana kutwa. Mimi nilikuwa karani wa stoo, mlango wa pili. Kila mtu alimwita Fundi, kuanzia wafagiaji hadi mudiri, yaani meneja wetu. Mimi aliniita Karani. Jina langu alilijua, maana aliliandika bila kosa kwenye fomu zake, lakini mdomoni mwake halikupita, nami nikalipiza kwa kutolitaja lake.

Niseme mapema, mtu asije akadhani nampamba mzee wa watu bila sababu: mimi ndiye niliyemwondoa kwenye meza yake ya kazi. Sikumsengenya wala sikumchongea. Niliandika sentensi moja kwenye fomu ya ununuzi, kwa nia njema kabisa, na nia njema hiyo imenikaa kooni mpaka leo.

Alikuwa na jambo moja tu alilolitaka hapa ugenini. Klabu ilikuwa na bunduki kumi na mbili za zamani, za mbao na chuma kizito, zilizotundikwa ukutani zikiliwa na kutu. Fundi aliomba ruhusa ya kuzifufua moja baada ya nyingine. Nilipoajiriwa alikuwa amemaliza mbili. Siku nilipoandika ile fomu alikuwa amemaliza tisa. "Nikimaliza ya kumi na mbili," alikuwa akimwambia mudiri, "nipeni tiketi yangu, sitawasumbua tena. Lakini msinipe nikiwa na ya kumi na moja." Aliyasema kama utani, ila aliyarudia mara nyingi mno kuwa utani.

Na bunduki zenyewe hakuzipenda. Miaka yote hiyo hakuwahi kufyatua hata moja. Siku ya majaribio wanachama ndio waliopiga, yeye alisimama nyuma ya kioo ameziba masikio, uso umemkunjamana kama mtu aliyeonja ndimu, akisubiri aletewe karatasi ya shabaha. Dereva wetu, kijana wa Kampala asiyejua kunyamaza, alimuuliza siku moja, "Fundi, wewe unatengeneza bunduki na bado unaziogopa?"

"Hata daktari wa meno hapendi kung'olewa," Fundi akamjibu.

Juu ya jiliwa, kile chuma cha kubania kazi mezani, alikuwa ameandika kwa chaki: ANAYEPIMA ASISOME. Hiyo ndiyo iliyokuwa sheria ya karakana. Akitaka kujua unene wa bati, alilibana mwenyewe kwenye maikromita, lakini mistari aliisoma mtu mwingine kwanza. Mtu huyo karibu siku zote alikuwa mimi. Nilikuwa nikisikia sauti kupitia ukuta, "Karani, njoo usome," naacha daftari langu, naenda, nainama.

"Thelathini na tano."

"Rudia."

"Thelathini na tano, Fundi."

"Hebu njoo huku kwenye dirisha. Rudia."

"Thelathini na saba. Sawa sasa?"

"Sawa. Asante, mama."

Namba hizo ni sehemu za mia za milimita, na kwa kazi yake mbili tu zilitosha kuharibu. Nilipomuuliza kwa nini asisome mwenyewe kama watu wengine, kila siku alikuja na sababu yake. Mara mikono ina mafuta. Mara aliyemfundisha kazi alikuwa mkali, angemzaba kofi. Mara, "Mkono una kiburi na jicho ni vivu, Karani. Ukiwapa kazi moja watadanganyana." Nami nikajiambia kwamba mtu mwenye sababu tatu kwa jambo moja ana ya nne anayoificha.

Fundi hakunywa soda, lakini hakupita kopo la soda bila kuliokota. Hapo inabidi nieleze kidogo. Wanachama wazee walipenda kuzipigia bunduki zile risasi za kumimina, zile zinazoyeyushwa na kutiwa kwenye kalibu, kwa sababu ni laini na hazikwaruzi mtutu wa zamani. Ulaini huo una adhabu yake. Moto wa baruti huyeyusha kitako cha risasi ikiwa njiani, uchafu ukabaki mtutuni, na risasi ikaenda inakotaka. Dawa yake ni kikombe kidogo cha madini membamba, upana wake kama kitufe cha shati, kinachovishwa kitakoni. Kwenye fomu tuliviandika vikombe. Fundi aliviita viatu. "Wewe ungeweza kutembea peku kwenye lami ya hapa mwezi wa saba?" aliniuliza mara ya kwanza nilipotaka kujua. Nikasema la. "Basi na risasi hivyo hivyo."

Makopo aliyapasua akayanyoosha, akajifunzia kukata. Bati lake lilikuwa jembamba mno kwa kazi yenyewe, hilo alilijua, lakini kwa mazoezi halikuwa na mpinzani. Shida ni kwamba aliyaokota popote, hata Ijumaa, siku ya mapumziko ya Doha, baada ya ibada, kwenye uwanja wa kanisa, akiwa amevaa suti. Akina mama wa ushirika wakamwona. Kwa muda wa wiki mbili habari ikawa imeenea kwamba yule mzee wa bunduki kampuni haimlishi. Wakamletea mchele. Wakamletea sweta. Mmoja akamletea viatu vya marehemu mumewe, na mwingine, mama wa Nakuru, akawa anamletea chapati kila Ijumaa zimefungwa kwa kitambaa.

Fundi alipokea kila kitu na akashukuru. Viatu akawapa wafagiaji, chapati akala.

"Mbona usiwaambie ukweli?" nikamuuliza.

"Wataaibika. Na chapati za yule mama, Karani, wewe hujazionja." Akatafuna kwanza. "Mtu akikuonea huruma, mwache amalize. Ukimkatiza anakasirika."

Nilicheka hadi nikashika meza.

Alikuwa na vituko vyake vingine. Chai ya karaki aliiita chai ya wagonjwa, kwa ajili ya maziwa yake ya kopo na iliki, na alikunywa vikombe vitatu kwa siku. Sweta ya akina mama aliivaa mwezi wa saba ndani ya karakana, kwa ugomvi wake na kiyoyozi. Aliimba nyimbo za ibada kwa sauti mbovu sana, tena ya pili, akisubiri mtu asiyekuwepo aimbe ya kwanza. Na mtu huyu aliyeweza kusugua kichuma kimoja wiki mbili kwa tupa laini hakuweza kusubiri taa ya barabarani dakika moja. Tukiwa naye mjini Al Sadd, dereva wa Kampala alikuwa akimshika mkono wa sweta kama mtoto. "Mzee, ngoja kijani. Hapa si kwenu." Fundi alinung'unika kwamba taa zile ziliwekwa na mtu asiye na kazi.

Sasa nije kwenye macho.

Mwaka wa tano au wa sita nikaanza kuona dalili. Kwanza, Fundi alibandua vibandiko vyote vya droo za stoo na za karakana, akaandika upya kwa herufi kubwa kama za tangazo la mkutano. Kisha akanunua taa ya mezani, akaipachika pale tulipokuwa tunasomea vipimo. Kisha hilo la "njoo kwenye dirisha" likazidi, na "rudia" zikawa tatu badala ya mbili. Mwisho akaniomba nichape upya orodha ya panchi, vile vyuma vya kutobolea bati, kwa maandishi makubwa zaidi. Nikajumlisha. Maskini, nikasema, macho yamekwisha, na sheria yake ya chaki ni pazia tu.

Mimi macho yangu nilikuwa nikijisifia tangu shule, ambako nilisoma ubao kutoka benchi la nyuma. Hata Doha ningeweza kukusomea namba ya gari lililo ng'ambo ya barabara. Kwa hiyo nikajipa kazi ya kumlinda. Mudiri akiingia karakana, nami naingia. Karatasi ikiletwa, naisoma kwa sauti kabla Fundi hajaombwa aisome. Nilijiona mwema sana, na nikakoma kuangalia ninapokanyaga.

Vikombe vya kununua vilikuwa vikitoka nje, na vikaanza kuchelewa miezi. Mudiri akaamua tutengeneze vyetu. Vikaletwa vifaa vitatu kwa majaribio ya wiki mbili: Fundi avijaribu, mimi nijaze fomu ya kupendekeza kimoja, viwili virudi vilikotoka.

Cha kwanza kilikuwa cha nondo mbili nyepesi, na kilidumu mezani dakika kumi. Kilipasua bati kama mtu anayechana khanga. Fundi alikigeuza mara mbili akakirudisha kwenye boksi. "Hiki kimetengenezwa na mtu aliyewahi kusikia habari za chuma," akasema.

Cha pili kilikuwa mashine nyekundu ya mkono mrefu, ya kufungwa mezani kwa bolti. Unaingiza ukanda wa kopa, ile shaba nyekundu, unavuta mkono mara moja, kikombe kinadondoka kwenye kisanduku kikiwa tayari. Kiwandani walikuwa wameitegesha kwa unene mmoja tu wa bati, thelathini na tano, na hakukuwa na cha kurekebisha. Dereva wa Kampala aliingia akavuta mara hamsini kabla ya chai, akatoka akijisifu kwamba sasa naye ni fundi.

Cha tatu kilikuwa kipande cha chuma kizito chenye matundu mawili, na panchi za unene mbalimbali, na nyundo. Tundu la kwanza linakata kisahani bapa. Unakitoa, unakipeleka tundu la pili, unagonga tena, kinakuwa kikombe. Bati likija nene au jembamba unabadilisha panchi, ila lazima ujue ni nene kiasi gani. Dereva alikitazama akasema, "Hiki ni cha wafungwa."

Wiki ya kwanza yote Fundi alishinda na cha tatu. Alikata, akakiweka kisahani kiganjani, akapitisha ukucha wa gumba kwenye ukingo wake pole pole, akakigeuza, akapitisha tena. Vingine alivitupa. Mimi nikaona tu amechelewa.

"Fundi, chagua basi. Nyekundu inatoa hamsini wewe ukitoa saba."

"Kweli." Akanionyesha kisahani kiganjani. "Lakini hapa, Karani. Hapa katikati ya tundu na tundu. Hapa ndipo nataka. Nakiona. Kikiwa kibaya nakiambia wewe ni kibaya. Ile nyekundu inanipa kikombe, sijui kilikotoka."

"Si kikombe ni kikombe?"

"Bati likibadilika kidogo na hakuna aliyelipima, ile itakubali tu. Itavuta, itavuta, mpaka ivunjike." Akapuliza vumbi. "Chombo kisichojua kukataa mimi nakiogopa. Andika cha matundu."

Nilirudi stoo nimekunja uso. Niliona vizuri alichokisema, lakini niliona zaidi kile ambacho hakukisema: chombo cha matundu kilitaka kupimwa bati kila lilipoletwa, na kupima kunataka macho. Siku sipo, siku mudiri yupo, Fundi angeumbuka mbele ya watu. Ile nyekundu haikutaka kupimwa chochote. Ingemficha. Angevuta mkono na kunyamaza, apate bunduki zake tatu zilizobaki, aende kwao na heshima yake.

Nikaandika kwa mkono, mwandiko wangu mzuri: "Fundi anapendelea cha matundu mawili. Mimi napendekeza mashine ya mkono mrefu, kwa kuwa haihitaji kupima kila mara, na macho ya Fundi yamechoka."

Mudiri wetu alikuwa mtu mpole, wa kusalimia hadi wapishi. Aliisoma fomu akiwa amesimama mlangoni pangu. Akaisoma tena. "Karani, hii ni klabu ya bunduki," akasema taratibu. "Macho si jambo la kuhurumiana." Akamwita Fundi ofisini kwake, wakakaa robo saa. Fundi alipotoka alifuta vifaa vyake kimoja kimoja, akaning'iniza aproni, akafunika bunduki ya kumi kwa kitambaa ikiwa imefunguliwa nusu. Wakampeleka getini kuandika namba za magari, kana kwamba hiyo nayo haina haja ya macho. Baada ya miezi mitatu mkataba ukaisha, na haukuongezwa.

Kila asubuhi ya ile miezi mitatu nilipita getini, na kila asubuhi alinisalimia. "Karani, umeamkaje." Sauti ile ile. Nikajituliza kwamba hajui ni nani aliyeandika. Usiku nililala, ndiyo, lakini nilipofika getini nilikuwa natembea upesi.

Mashine nyekundu ilifungwa mezani kwake. Mabati mapya ya kopa yakaletwa, na kwa kuwa hakukuwa na Fundi, niliyapima mimi na kuyasoma mimi. Thelathini na tano, barabara kabisa. Wiki ya kwanza vikombe vikatoka vimechanika kingo. Wiki ya pili panchi yake ilipasuka kwa mlio uliosikika hadi stoo. Nikaandika barua kali kwa waliotuuzia. Wakajibu kwa upole, wakiuliza bati lilikuwa na unene gani hasa. Nikaona wanakwepa lawama.

Dereva wa Kampala ndiye aliyeniambia Fundi anasafiri Jumamosi, na kwamba anakaa kwa mpwa wake, nesi, huko Al Thumama. Ijumaa nikatoka kanisani nikapitia kwa yule mama wa Nakuru, nikamwomba chapati. Nilizibeba mapajani njia nzima nikitunga maneno ya kusema, na sikupata hata moja lililofaa.

Mpwa wake alinifungulia akiwa tayari na sare ya kazi. "Karibu, auntie. Mjomba yuko ndani anajishonea begi, nimemwambia tununue jipya hataki." Akachukua mkoba, akatoka kwenda zamu.

Fundi alikuwa ameketi kwenye kona, mbali na dirisha, begi la safari magotini, anashona mshikio uliokatika. Ndege ilipita juu, vioo vikatetemeka, hakuinua kichwa.

"Karani. Kaa."

Nikakaa, nikaweka chapati mezani. Uzi ukamchomoka kwenye sindano. Na mimi, kwa mazoea ya miaka saba, nikanyoosha mkono. "Lete nikutungie, Fundi."

Alinitazama usoni. Kisha akanipa sindano na uzi.

Nikatunga. Uzi ukapita kushoto kwa tundu. Nikatunga tena, ukapita kulia. Nikalowesha ncha kwa mate, nikaisokota, nikapeleka sindano mbali kidogo na uso, kisha mbali zaidi, mpaka mkono ukanyooka wote. Nikainuka nikaenda dirishani. Fundi alinisubiri bila haraka.

"Huu uzi ni mbaya," nikasema.

Akanyoosha mkono, nikampa. Pale pale kwenye kona yake ya giza, akautia mara moja, akafunga fundo, akaendelea kushona.

Nilibaki nimesimama dirishani. Nakumbuka joto la kioo mgongoni.

"Fundi, macho yako…"

"Macho yangu ni mazima."

"Na zile herufi kubwa?"

"Nilikuwa nikiomba panchi namba nane unaniletea sita. Mara nne kwa wiki. Nikasema niandike kubwa."

"Na taa?"

"Taa niliielekeza upande wako, Karani. Hukuona iko upande wako?"

Sikuwa nimeona. Nilirudi kukaa. Nilikumbuka kila "njoo kwenye dirisha," na mabati ya kopa, na barua yangu kali.

"Kwa nini hukuniambia?"

"Nilikwambia." Akavuta uzi. "Nilisema rudia. Kisha nikawa naangalia baada yako."

Nikaona ni sasa au kamwe. "Fundi, ile fomu niliiandika mimi."

"Najua. Mudiri alinisomea. Una mwandiko mzuri."

Aliposema hivyo nililia. Sikulia kwa ustaarabu, nililia kama mtoto, nikijifuta kwa kitambaa cha chapati. Nilimuuliza kwa nini hakujitetea. Kwa nini hakusema nipimeni macho, jambo la dakika tano.

"Angenipima. Angeona ni mazima. Halafu angeuliza zile herufi ni za nani, na maikromita huwa inasomwa na nani." Akageuza begi upande wa pili. "Wewe una miaka mingi mbele. Mimi nilikuwa nimebakiza bunduki tatu."

Alizisema hizo tatu kwa sauti ya chini, na mkono wake ukasimama kidogo kwenye begi. Hapo ndipo nilipojua gharama yake. Nilitamani anifokee.

Hakunifokea. Alisubiri ndege nyingine ipite, kisha akanieleza ile sababu ya nne. Ujanani, huko nyumbani, alipima mwenyewe kipande cha mashine na akasoma mwenyewe. Alikuwa anataka kiwe sawa, siku ilikuwa imekwisha, akasoma kuwa ni sawa. Mwenzake akapoteza kidole. "Kipimo kilikuwa wazi pale pale. Mimi nilisoma nilichokuwa nakitaka."

Akakata uzi kwa meno.

"Wewe shida yako si macho, Karani. Macho ni miwani tu, maduka yake yamejaa Al Sadd. Ulinipima mwenyewe, ukasoma mwenyewe. Ungemwita mtu mmoja. Hata yule dereva. Hata mimi."

Nilisema nisamehe, akasema ameshasamehe, kwa namna ile ile aliyokuwa akisema asante mama, bila kuinua sauti. Kisha akatoa maikromita yake ndani ya begi, kwenye kisanduku chake cha mbao, na kipande cha kopa kutoka mfuko wa shati. Akakibana. Akanigeuzia.

"Soma."

Niliinama. Mistari ilikuwa imeingiliana, inacheza. Ulimi wangu ulikuwa umeshajiandaa kusema thelathini na tano, kwa mazoea tu.

"Sioni, Fundi."

"Hicho," akasema, "ndicho kipimo cha kwanza cha kweli ulichonisomea mwaka huu."

Akaifungua maikromita, akaifuta kwa kidole, akairudisha kwenye kisanduku, na kisanduku akaniwekea mapajani. Atakuja fundi mwingine, akasema. Nimpe, nimwonyeshe zile tatu, na nimwambie chaki ile asiifute. Halafu akafungua chapati, akamega, akanipa kipande kikubwa.

Nilipoaga alinisindikiza hadi mlangoni.

"Karani, ngazi ya tatu imevunjika ukingo," akasema. "Shika ukuta."

Nikashika ukuta, nikashuka nikihesabu kwa sauti ili anisikie.